Mbegu Zisizopandwa: Kutoka Tanga hadi Bustani ya Croydon

Wale mnaosimama kwenye meza yangu ya viatu vya mitumba pale sokoni na kuuliza "London vipi?" huku mkijaribu viatu ambavyo hamtavinunua, haya, vueni, kaeni. Naandika mara moja ili nisirudie mara arobaini. Habari za viza, barua na foleni naziruka: aliyezipitia anazijua, na ambaye hajazipitia namwombea Mungu amwepushie.

Kwanza mjue kilichonipeleka, maana wengine mmeshatangaza kwamba nilikwenda kuoa.

Shangazi yangu Mwanaidi anaishi London, mtaa wa Kilburn, tangu miaka ya sabini. Alifanya kazi wodini mpaka magoti yakagoma. Mume wake, marehemu Hamza, alisafisha mabehewa ya treni siku sita kwa wiki. Siku ya saba alivuka mji mzima, kaskazini hadi kusini, kwenda bustani moja ya umma upande wa Croydon kucheza bao na wenzake wa pwani. Bao la mti hawakuwa nalo. Walichimba mashimo ardhini, wakacheza mpaka jioni, wakayafukia, kila mtu akarudi kwake.

Siku moja simu ikalia. "Bakari, mwanangu," Shangazi akasema bila hata salamu, "Hamza wamemwandika mtunza bustani."

Wakazi wanaoipenda ile bustani wameunda kamati. Wanataka kusimamisha mabango manne yenye picha za zamani, ili watu wajue mahali pale palitumikaje: banda la muziki, mashua ziwani, wazee wakiviringisha matufe kwenye nyasi. Salma, binti yake Shangazi, aliziona picha hizo mtandaoni kabla hazijachapwa. Kwenye bango la nne, lile la "Waliotunza Bustani", akamwona baba yake. Ameinama juu ya udongo, mkono umefumbata mbegu. Chini yake maneno matano: *Wafanyakazi wa bustani wakipanda mbegu*.

"Siku sita walimfanyisha kazi," Shangazi alisema. "Na ya saba nayo wanamwandikia kazi?"

Alikuwa amewaandikia barua. Walijibu kwa adabu kwamba nyuma ya picha pameandikwa hivyo kwa penseli, na kama ana ushahidi mwingine aulete kwenye kikao cha Jumamosi fulani, cha mwisho kabla mabango hayajapelekwa kuchapwa. Yakishachapwa yatafungwa kwenye vyuma, na vyuma vya Wazungu mnavijua, vingine vya reli yetu vipo mpaka leo.

"Nataka mtu anayelijua bao," akasema, "na asiyeona haya kubishana."

Sifa ya kwanza ninayo kiasi. Ya pili nyinyi ni mashahidi.

Akaniagiza kete, komwe hasa, zile mbegu za ufukweni, zilizokomaa. Sitini na nne. Nikaziokota, nikazihesabu, nikazihesabu tena, nikazifunga kwenye kitambaa.

Tanga hadi mlango wa London

Basi la Dar lilichelewa saa tatu kwa sababu ya pancha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya tairi. Ya pili ilikuwa ya fundi, ambaye alikwenda kutafuta chai na hakuonekana. Nilitumia muda huo kumfundisha abiria mwenzangu, mwalimu wa Korogwe, namna ya kujua soli iliyogundishwa upya. Alivua kiatu chake tukakipima. Ilikuwa imegundishwa. Hakuongea nami tena mpaka Chalinze.

Angani sina la kusema. Ukikaa katikati ya watu wawili waliolala, huoni mawingu, unaona midomo wazi. Tulishuka kwenye uwanja wa njiani, nikangoja saa nane. Kuna muuza manukato pale nilijaribu kupatana naye bei. Alicheka, akaita wenzake waje kunisikiliza. Sikupata punguzo, lakini nilipuliziwa bure mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto.

London tuliingia asubuhi. Afisa wa forodha, kijana mpole mwenye glavu, alifungua begi langu na kukuta kile kitambaa.

"Hizi ni nini?"

"Kete."

"Ni mbegu?"

"Zilikuwa mbegu. Sasa ni za kucheza."

Akaishika moja, akaigonga mezani. "Nikiifukia na kuimwagilia maji, itaota?"

Hapo nikakwama. Mnanijua, naweza kumwambia mteja kiatu kimevaliwa mara moja tu, kanisani. Lakini mtu akikuuliza swali kwa upole namna ile, uongo unakosa pa kushika. "Huenda ikaota," nikasema. "Ila sijamwona mtu aliyejaribu. Sisi tuna haraka ya kushinda."

Akasikitika kweli, akasema sheria haijui mchezo, inajua mbegu. Nikamwomba basi anipe karatasi ya kuonyesha amezichukua, na tuzihesabu pamoja. Tukahesabu. Sitini na nne. Nikaanza upya.

"Si tumeshahesabu?"

"Ile ya kwanza ilikuwa yako," nikamwambia. "Hii ni yangu."

Ndivyo nilivyoingia Uingereza, nikiwa na karatasi moja ya sitini na nne.

Kilburn

Shangazi anakaa ghorofa ya tatu juu ya duka la simu. Ngazi zina hatua arobaini na moja. Niliposhuka nikapata arobaini, kesho yake tena arobaini na moja, na mpaka leo sijui ya ziada inatokea wapi. Alinipikia wali wa nazi ya kopo na samaki wa kukaanga, akanitazama nikila mpaka nikaona aibu, ndipo akauliza.

"Kete?"

Nikamwekea ile karatasi mezani. Akaisoma kwa miwani, akaikunja mara nne.

"Basi umekuja na mikono," akasema. "Haya. Mikono nayo inahesabu."

Salma alikuja jioni kutoka kazini. Ni muuguzi kama mama yake alivyotamani kuwa. Anaelewa Kiswahili chote, hata matusi, lakini anajibu kwa Kiingereza. Mazungumzo ya nyumba ile ni kama watu wawili wanaorushiana mpira, mmoja kwa mkono na mwingine kwa mguu. Aliitoa ile picha, aliyoichapisha kubwa, akaitandaza.

Wanaume wanne, makoti ya baridi, kofia. Wote wameinama. Hamza nilimtambua kwa masikio yake. Kulia kabisa kuna mkono peke yake, umekatwa na ukingo wa picha, nao ni wa kulia, umevaa saa. Chini yao udongo na mashimo. Nikaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiko. Yanayoonekana ni ishirini na sita. Nikarudia: ishirini na sita. Mengine yako chini ya viwiko. Lakini shimo moja, upande wa Hamza, halikuwa la mviringo. Lilikuwa la mraba.

"Nyumba hiyo," nikasema.

"Si ndiyo ninayowaambia!" Shangazi akapiga meza. Maana kila anayelijua bao anajua: kila mchezaji ana mashimo kumi na sita, na moja kati yake huchongwa mraba, ndiyo nyumba, ndimo anamoweka akiba yake. Hakuna mkulima anayepanda ua moja kwenye shimo la mraba.

Salma akasema, kwa Kiingereza, kwamba kamati haijui nyumba wala mraba. Wataona shimo lililokosewa.

Kwa hiyo tulihitaji bao la kuwaonyesha. Kesho yake nikaizunguka barabara kuu ya Kilburn, duka kwa duka. Niwaambie ukweli, mimi London sikutazama majumba, nilitazama miguu. Viatu vyangu vya mwaka kesho vilikuwa vinatembea mbele yangu, vingine vikikanyaga maji kwa uzembe, nikataka kumshika mtu bega nimwambie ndugu yangu, taratibu, hicho ni changu.

Bao sikupata. Nilichopata ni vitreya vya kugandishia barafu. Nikageuza kimoja: safu mbili, mashimo manane manane. Viwili ukiviunganisha ni safu nne. Thelathini na mbili! Nilihesabu mbele ya muuza duka, mama wa Kisomali aliyewahi kuishi Mombasa.

"Friji yako ina ukubwa gani?" akauliza.

"Sina friji."

"Na barafu unataka ya nini?"

"Sitaki barafu, mama. Nataka mashimo."

Akaniuzia kwa huruma, kama unavyomuuzia mtu dawa. Salma akapaka rangi ya kucha, nyekundu, kwenye mashimo mawili ya nyumba.

Kingsbury

Ulibaki ule mkono. Shangazi alijua ni wa nani. Ni wa Mzee Jayanti, Mhindi wa Pangani, anayeishi Kingsbury na mwanawe. Kati ya wale wachezaji ni yeye tu aliyebaki hai. Lakini tangu mazishi ya Hamza yeye na Shangazi hawajasemeshana. Nilipouliza sababu, Shangazi alisema, "Muulize yeye." Nilipomuuliza yeye, alisema, "Hajakwambia?"

Kutoka Kilburn ni vituo vitano kwa treni. Nilihesabu kwenye ramani, kisha nikahesabu kwa macho, vikalingana. Ukitoka nje unakutana na harufu ya bizari, na maduka ya Wagujarati yamepangana kama Tanga barabara ya kumi na mbili, ila bila vumbi. Nikamkuta Mzee Jayanti sebuleni, amevaa sweta juu ya sweta. Kiswahili chake ni kikongwe kuliko changu.

"Mwana wa nani wewe?"

Nikamweleza ukoo. Akanipa chai ya tangawizi na gathia za unga wa dengu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha muda mrefu.

"Mimi simo," akasema.

"Umo, mzee. Mkono huu."

"Mkono! Wangekuwa Waingereza hapa, mpiga picha angesogea nyuma hatua moja, wakaingia wote. Sisi mtu alipita tu, akapiga, akaenda zake. Sasa niende mpaka Croydon kutetea kiganja?"

Nilimbembeleza nusu saa. Nikamsifu, akakataa. Nikamwonea huruma, akakasirika. Basi nikafanya kile ninachofanya mteja anapogoma: nikaanza kufunga bidhaa. Nikaikunja picha taratibu.

"Si kitu, mzee. Nitawaeleza mwenyewe. Nitawaambia siku ile Hamza alikuwa anashinda."

Akaweka kikombe chini. "Nani anashinda?"

"Shangazi ndivyo anavyosema."

"Mwanaidi anasema hivyo?" Akasimama, sweta zote mbili. "Jumamosi saa ngapi?"

Tulitoka pamoja kutafuta kete. Dukani kwa jirani yake tulichagua maharage makubwa meupe, yale bapa. Nikamwambia muuzaji naomba sitini na nne.

"Gramu?"

"Punje."

Akamtazama Mzee Jayanti, naye akainua mabega kama vile hanijui. Mwishowe tulinunua pakiti, tukahesabu mezani kwake, mara mbili, na mara ya pili tulitofautiana kwa moja kwa sababu mjukuu wake alikuwa anaitafuna. Yaliyobaki nikampelekea Shangazi. Akayapika kwa nazi, akala, kisha akauliza, "Bado anavaa saa mkono wa kulia?"

"Bado."

"Mshamba," akasema, na akaongeza maharage.

West Hampstead hadi Croydon

Kikao kilikuwa saa tano asubuhi mpaka saa sita. Saa sita kamili kamati inafunga, maana kile chumba kinatumiwa na wengine. Tulipanga kuondoka mapema. Salma alipanga, na mpango wake ulikuwa mzuri, ila siku za Jumamosi treni za London zina tabia ya kupumzika. Njia ya Kingsbury ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Mzee Jayanti alipandishwa basi la badala, lililopita kila mtaa likiulizia hali. Sisi watatu tukamngoja kituo cha West Hampstead, tukaziacha treni mbili zikienda.

"Hatakuja," Shangazi akasema mara ya kwanza.

"Hatakuja," mara ya pili. Nikagundua hasemi kwa hasira, anasema kwa hofu.

Akaja, kofia kichwani, mwavuli mkononi, akasimama hatua mbili mbele ya Shangazi.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Unaniamkia mimi! Umri wangu na wako nani mkubwa?"

"Wewe."

"Mwongo," Shangazi akasema, na tukapanda treni.

Treni hiyo inapita chini ya mji, inavuka mto, inashuka kusini moja kwa moja. Au ndivyo inavyotakiwa. Baada ya mto ikasimama. Sauti ikatangaza kwamba kuna tatizo la taa za njiani. Behewa zima likawa kama msiba wa mtu asiyejulikana: kila mmoja anatazama simu yake, hakuna anayeuliza marehemu alikuwa nani. Mimi nilikuwa nimeshawaamkia wote tulipopanda, na aliyejibu alikuwa bibi mmoja mwenye mbwa, naye nadhani alifikiri naongea na mbwa.

Dakika kumi. Ishirini. Shangazi alifungua kopo la visheti, akatupa sisi, akampa na yule bibi. Bibi akakitazama kisheti, akamshukuru sana, akamvunjia mbwa nusu. Shangazi akafunga kopo. Baada ya muda akalifungua tena, akampa kingine, akamwonyesha kwa kidole: hiki wewe, wewe, mdomoni. Bibi akacheka, akala, akaomba kingine. Walizungumza mpaka treni ilipoondoka, mambo ya magoti. Shangazi aliniambia baadaye kwamba katika miaka yake yote pale, huyo alikuwa mtu wa tatu kuongea naye ndani ya treni. Naye anahesabu, kumbe tabia hii ni ya ukoo.

Katika kungoja kule nilimuuliza Mzee Jayanti kwa nini walikwenda mbali hivyo kwa ajili ya bao. Bustani si ziko kila mtaa?

"Pale palikuwa na pembe moja nyuma ya uwanja wa matufe," akasema. "Nyasi hazikuota. Hakuna mtu aliyepataka. Mahali ambapo hakuna anayepataka, hufukuzwi."

Salma alikuwa anatazama dirishani. Lakini simu yake ilikuwa imezimika mkononi, na alikuwa anasikiliza.

Croydon tukashuka, tukaona majengo marefu ya maofisi. Mzee Jayanti akalinyooshea mwavuli moja. "Pale tuliwahi kupanga foleni ya vibali vya kukaa, mimi na Hamza. Hatukulipenda." Tukapanda tramu vituo vitatu, tukaingia bustanini saa sita kasorobo.

Bustani

Dakika kumi na tano. Miguu ya wazee wawili. Nilitamani kuwabeba. Tulipita ziwa ambalo sasa lina bata tu, tukapita banda la muziki lenye paa kama kofia ya mfalme na vijana wawili wakifanya mazoezi ya kucheza mbele ya simu. Bustani ilikuwa imejaa watu wasiofanya kitu. Niwaambie, jambo hilo lilinishangaza kuliko ndege iliyonileta. Watu wazima, mchana, wamelala chini, na serikali inawakatia nyasi.

Kamati ilikuwa kwenye chumba cha uwanja wa matufe. Watu sita, meza moja, biskuti. Mwenyekiti wao, Bi Jean, ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Akatukaribisha kwa heshima, akatazama saa kwa heshima ileile. Mabango yote manne yalikuwa yametandazwa mezani kwenye karatasi.

Kiingereza changu ni cha kuuzia viatu, kwa hiyo Salma alifasiri. Nikaonyesha mashimo ishirini na sita. Nikaonyesha mraba. Nikatoa vitreya, nikapanga maharage: sita kwenye nyumba, mawili, mawili, yaliyobaki mkononi. Mzee mmoja wa kamati akasema kwa upole kwamba watunza bustani nao hupanda kwa safu, na udongo ule umepigwa picha vibaya, na mraba unaweza kuwa alama ya jembe. Bi Jean akaguna kukubali. Nikaona bei inanishuka mkononi.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mnasema walichimba mashimo kwenye bustani ya umma? Kila wiki?"

Salma akamgeukia mama yake. Shangazi akajinyoosha.

"Mwambie, na walifukia kila wiki. Hamza alikuwa anabeba kijiko kikubwa cha chuma mfukoni kwa kazi hiyo. Udongo alikuwa anausawazisha kwa kiganja. Kama wameona shimo, walete."

Mzee Jayanti wakati wote huo alikuwa ameinamia picha, pua karibu inagusa karatasi. Akasema kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa:

"Nyumba yake tupu."

"Nini?" Shangazi akasema.

"Nyumba ya Hamza. Tazama kivuli. Tupu! Nilikuwa nimeshaila. Siku hii nilishinda mimi."

"Umeila wapi, wewe Jayanti? Haikuliwa. Aliisafirisha mwenyewe, akazitawanya kete zote!"

"Aisafirishe ana kichaa? Akiba yote?"

"Aliisafirisha, zikazunguka, zikakufikia mpaka kwako, ukaduwaa. Nilikuwa nimekaa hapa!" Akabonyeza kidole nje ya picha, kwenye meza, mahali ambapo kamera haikufika. "Hapa, nafuma soksi zako mwenyewe, kwa sababu miguu yako ilikuwa inalia baridi. Na ukasema, 'Hamza, leo umeniua.' Siku ya mazishi nikakukumbusha, ukakataa. Mbele ya watu!"

"Kwa sababu sikusema!"

"Ulisema!"

Kumbe ndiyo hiyo. Miaka yote ya kununiana, ni ya mchezo mmoja. Mzee Jayanti akanyakua vitreya, akaanza kupanga maharage alivyokumbuka, Shangazi akawa anayarudisha alivyokumbuka yeye. Moja likaanguka kwenye chai ya mtu. Nilitaka kuwanyamazisha, nikijua dakika zinakwisha, kisha nikamwona Bi Jean. Alikuwa amevaa miwani yake. Alikuwa anatazama zile nyuso mbili, na picha, na nyuso tena.

"Wanabishania nini?" akamuuliza Salma.

"Nani alishinda," Salma akasema.

"Siku ile? Ya kwenye picha?"

"Siku ile."

Bi Jean akavua miwani. "Mimi nimepanda maua maisha yangu yote," akasema, "na hakuna aliyewahi kugombana nami nusu karne kuhusu nani alishinda." Yule mzee wa jembe akacheka, akaokota harage kwenye chai yake.

Kwa hiyo wakakubali kwamba wale si watunza bustani. Lakini mnajua kukubali si kulipa. Bango la burudani lilikuwa limejaa. Picha yetu ikihamia huko, nyingine itoke, na kila picha ina mwenyewe chumbani mle. Nikaomba kuzihesabu. Banda la muziki moja, matufe moja, mashua tatu. Nikarudia. Tatu. Nikazisogeza mbele ya Bi Jean kama viatu vya saizi moja.

"Hii ina mtoto anayecheka. Ibaki. Hii ina bibi na bwana. Ibaki. Hii ni mashua tupu. Haina mtu wa kumkosea."

Wakatazamana. Mashua tupu ikatoka.

Maneno ya chini, Bi Jean akasema, ni mstari mmoja tu, maneno matano, ukubwa wa herufi hauwezi kubadilika tena. Nilijaribu kupata saba. Nikashuka sita. Akatabasamu, akabaki na tano. Nimekutana na wachuuzi wengi, yule mama ningemwajiri.

Akaandika mapendekezo mawili kwenye karatasi, akamsogezea Shangazi achague:

*Hamza na marafiki wakicheza bao.*

*Marafiki wakicheza bao, Jumapili mchana.*

Nikayahesabu yote mawili. Tano, tano. Mlangoni wale wenye zamu ya chumba walikuwa wameshaanza kuchungulia.

Mimi nilijua atachagua lipi. Salma naye alijua. Alishaweka kidole kwenye la kwanza. Shangazi akakisogeza kile kidole, taratibu, mpaka la pili.

"Mama!" Salma akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia kwa Kiswahili: "Jina la baba, mama!"

"Jina lake lipo, mwanangu. Lipo kwenye kaburi. Lipo kwenye kadi za kazi, kwenye mafaili ya hospitali, kwenye ile ofisi ndefu ya Croydon. Walimwandika kila mahali alipochoka." Akagonga karatasi. "Alipopumzika hawajamwandika popote. Andikeni hapa."

Kurudi

Tulitoka tukaenda ile pembe nyuma ya uwanja. Nyasi zimeota sasa. Mzee Jayanti aliweka vitreya kwenye benchi, akamwambia Shangazi aoneshe hiyo nyumba ilivyosafiri, na walikaa pale mpaka baridi ikatufukuza. Nani alishinda siandiki. Nitapitia Pangani siku moja, na ndugu zake Mzee Jayanti wapo kule.

Salma alinitumia picha ya bango juzi, limesimama kwenye vyuma vyake. Nimelikuza kwenye simu, nimehesabu. Maneno matano. Mkono wenye saa upo, safari hii haukukatwa zaidi.

Mnaniuliza nimeleta nini. Nimeleta karatasi ya forodha, na vitreya viwili vya barafu alivyonipa Shangazi. Mnajua mimi meza yangu sijawahi kuifunga, Idi wala Krismasi. Jumapili iliyopita mlikuta turubai, mkapiga simu kuuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nyuma ya stoo ya mkaa na Mashaka fundi cherehani, na alinila baoni mara tatu, nimehesabu mara mbili.

Jumapili hii nitakuwa palepale. Njooni, maharage yapo. Na kama atapita mtu na kamera, tafadhali mwambieni hatupandi kitu.